Breki ya Nondo

Katikati ya miaka ya 2000, bajaji zilipoanza kuzagaa Dar es Salaam, hakuna mtu kijiweni kwetu Sinza aliyekuwa amesomea kuziendesha. Tajiri ananunua chombo kilichotoka India, anakupa ufunguo, anakutajia hesabu ya siku, basi. Shule za udereva tulizozijua zilifundisha gari dogo na lori. Kanuni mahsusi za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitoka 2010, zikisimamiwa na mamlaka ya usafiri ya wakati huo, SUMATRA, kazi ambayo tangu 2019 iko kwa LATRA. Kabla ya hapo, kama hukujua kitu, ulimuuliza aliyetangulia, naye mara nyingi alikutangulia kwa mwezi mmoja tu.

Waliokuja kujifunza walikuwa wa aina mbili, na kila aina ilikuja na ugonjwa wake. Mwenye pikipiki akifika kwenye kona alitaka kulala nayo. Bajaji hailali, unalala wewe peke yako, yenyewe inaendelea na mambo yake. Aliyetoka kwenye teksi alizoea kulipitisha shimo katikati ya magurudumu. Sasa kwenye bajaji, hapo katikati ndipo lilipo gurudumu la mbele. Shimo ambalo gari lingeliruka bila kulijua, wewe unakutana nalo uso kwa uso. Na kwenye barabara za vumbi za Goba wakati wa masika, magari yakishachimba mifereji yao miwili, hakuna namna ya kuyaweka magurudumu matatu yote ndani yake. Lazima uchague lipi litakalopanda tuta, na uchague mapema.

Haya yote yana asili yake. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa skuta ya Vespa, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyetoka kwenye mambo ya ndege na helikopta. Mwaka 1948 wakatoa Ape, ambayo kwa kweli ilikuwa Vespa iliyoongezwa ekseli na kibebeo cha mizigo nyuma. Bajaj wa India waliunda za kwao kwa leseni ya Piaggio, na mwaka 1977 wakatoa ya abiria yenye injini nyuma. Ndiyo maana mpaka leo unashika hendeli badala ya usukani wa duara. Klachi na gia ziko mkono wa kushoto, unabana huku unasokota. Mafuta yako mkono wa kulia. Breki iko chini, mguu wa kulia. Za zamani ziliwashwa kwa kuvuta wenzo ulio kando ya kiti, na zikigoma asubuhi bega lilikuwa linakoma. Ni chombo cha ukoo wa pikipiki kilichopewa kazi ya gari, na mtu aliyejua kimoja tu kati ya hivyo viwili hakuwa salama.

Aliyetufundisha hasa alikuwa mzee mmoja wa kijiwe aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni. Dar es Salaam ina madereva wengi wa bajaji wenye ulemavu, na historia ya chombo hiki mjini haiwezi kuandikwa bila wao, ingawa kila mara huandikwa hivyo. Fundi wa Sinza alimchomelea nondo kwenye pedali ya breki, ikapanda juu mpaka karibu na goti, ili aikandamize kwa mkono. Sasa fikiria mkono wenyewe ni wa kulia, ule ule wa mafuta. Akitaka kushika breki lazima auachilie mwendo kwanza, na hendeli inabaki na mkono mmoja tu, wa kushoto. Kwa mkono mmoja hukati kona. Kwa hiyo yeye alimaliza breki yote akiwa bado amenyooka, akarudisha mkono kwenye hendeli, ndipo akaingia kona, taratibu, akiwa kwenye gia ndogo.

Sisi wenye miguu tulimcheka kwamba anaendesha kama anakwenda mazishini. Halafu tukaona bajaji zetu zikilala ubavu na yake haijawahi.

Alitueleza kwa kijiti mchangani. Alichora pembetatu, ncha mbele, kitako nyuma. Uzito ukikaa ndani ya pembetatu umesimama. Ukibana breki huku unakata kona, uzito unakimbilia mbele na upande wa nje, na upande huo mbele hakuna gurudumu la kuupokea. Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba bajaji tupu ndiyo huanguka kirahisi. Abiria wakikaa siti ya nyuma wanakandamiza pale penye magurudumu mawili. Wakishashuka, kitako kinakuwa chepesi, na dereva anayerudi kijiweni tupu ndiye mwenye haraka.

Mazoezi tuliyafanyia kwenye uwanja wa Tanganyika Packers, Kawe, palipokuwa na kiwanda cha nyama ya kopo, Jumapili alfajiri kabla ya watu kujaa. Tulipanga chupa za maji, tukazizunguka kwa umbo la nane, kwanza na viroba vya mchanga nyuma, kisha tupu. Mzee hakuruhusu mtu aguse pedali ndani ya mzunguko. Kurudi nyuma kulikuwa somo la peke yake, kwa sababu rivasi ina wenzo wake, na ukishauvuta gia zote unazo kinyumenyume. Nimemwona kijana akiingia gia ya pili kurudi nyuma kuelekea kibanda cha chipsi. Alipotoka hapo akawa deiwaka mzuri sana, yaani dereva wa kushikia chombo cha mwenzake, mwangalifu kupita wote.

Leo mimi ndiye ninayewapanga vijana asubuhi, na chombo kinawaka kwa kitufe. Lililobaki bila dawa ni abiria wa mbele, anayejibana pembeni ya dereva. Akikaa kushoto anazuia kiwiko cha klachi, akikaa kulia anazuia cha mafuta. Mzee alikataa kabisa kumpakia. Vijana wangu wanakubali nikiwaambia, mpaka saa moja jioni mvua inyeshe Mwenge, foleni ya abiria ifike barabarani, na huyo wa mbele awe ameshakaa kabla hata hajauliza nauli.