Fani kuu mbili za sayansi na fani ndogo: Hesabu ya kufanya kabla ya muhula wa kwanza

MWANAFUNZI anayekwenda kusoma shahada ya kwanza nchini Marekani hukuta uhuru ambao ni nadra katika vyuo vya Afrika Mashariki. Katika vyuo vingi vya huko huingia bila kulazimika kutaja atakachobobea, na baadaye anaweza kuchagua fani kuu mbili badala ya moja, kisha akaongeza fani ndogo.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita nchini Tanzania katika tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, mzigo huo huweza kuonekana wa kawaida, kwa kuwa amezoea kubeba sayansi tatu kwa pamoja. Hata hivyo, ugumu wake hautokani na wingi wa masomo pekee, bali na mpangilio wake.

Fani kuu ni eneo ambalo mwanafunzi analisoma kwa kina hadi ngazi za juu. Fani ndogo ni eneo la pili linalosomwa kwa kiasi, kwa kawaida masomo matano au sita. Majina hayo mawili yalianza kutumika katika mwongozo wa masomo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wa mwaka 1877-78.

Mwenye fani kuu mbili kwa kawaida hupata shahada moja tu. Shahada mbili ni utaratibu mwingine, na mara nyingi hudai krediti zaidi.

Shahada ya miaka minne kwa kawaida huhitaji krediti 120, sawa na krediti 15 kwa kila muhula katika mihula minane. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Kemia na Biolojia. Masomo ya msingi yanayotumika katika fani zote mbili, yaani kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia na kalkulasi, huweza kufika krediti 32. Tuseme Kemia inadai nyingine 24, Biolojia 28, na masomo ya lazima ya lugha, historia na jamii 30. Jumla ni 114.

Akiongeza fani ndogo ya Takwimu yenye krediti 18, zote mpya, jumla hufika 132, yaani wastani wa krediti 16.5 kwa muhula. Akichagua Hisabati, na chuo kikikubali krediti nane za kalkulasi zihesabiwe humo, jumla ni 124. Kwa hiyo, la kuuliza kwanza ni masomo mangapi yanaruhusiwa kuhesabiwa mara mbili.

Kanuni hizo hutofautiana. Chuo Kikuu cha Yale huruhusu fani kuu mbili lakini hakina fani ndogo. Princeton, kwa upande wake, hakina utaratibu wa fani kuu mbili. Asiyesoma mwongozo wa chuo chake anaweza kupanga jambo lisilokuwepo.

Jambo la pili ni mnyororo wa masomo. Kemia ya jumla huchukua mihula miwili, kemia ya kaboni mihula miwili, ndipo hufuata biokemia. Aliyeanza kemia mwaka wa kwanza huifikia biokemia mwaka wa tatu. Aliyechelewa mwaka mmoja huifikia mwaka wa nne. Kemia ya fizikia nayo hudai kalkulasi na fizikia kwanza. Mwanafunzi wa PCB aliyesoma hisabati ya msingi tu hana budi kuanza kalkulasi mapema.

Tatu ni maabara. Kipindi kimoja huchukua takriban saa tatu kwa wiki, mara nyingi kwa krediti moja tu. Maabara mbili kwa muhula hubebeka. Tatu huweza kugongana katika ratiba na kumaliza muda wa kujisomea.

Gharama ya kukosea ni kubwa. Ufadhili mwingi huishia muhula wa nane, na mwaka wa tano humwangukia mzazi. Aidha, mwenye viza ya F-1 anatakiwa kusoma angalau krediti 12 kwa muhula, hivyo hawezi kuacha somo na kushuka chini ya kiwango hicho bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Wanaolenga udaktari wa binadamu wakumbuke kwamba shule za tiba za Marekani kwa kawaida hazidai fani kuu ya sayansi. Zinadai masomo maalumu pamoja na alama nzuri. Wastani ulioporomoka kwa sababu ya fani ya pili huweza kumfungia mwombaji mlango ambao fani hiyo ilikusudiwa kuufungua.

Njia salama ni kuchora ratiba ya mihula yote minane kabla ya kujiandikisha, kuanza na masomo yenye mnyororo mrefu, kutazama somo lipi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na kuipeleka ratiba hiyo kwa mshauri wa masomo wa kila idara.

Mzigo ukizidi, cha kwanza kupunguzwa kiwe fani ndogo. Masomo aliyokwisha kufaulu hubaki katika taarifa yake ya matokeo, na hakuna anayemnyang'anya mwanafunzi elimu aliyoipata humo.