Mkono wa Fundi Ndani ya Boksi la Breka

Mwaka 1882 J. P. Morgan, tajiri wa benki wa New York, aliamua nyumba yake ya Madison Avenue iwashwe kwa taa za Edison. Boila na jenereta vilifungwa chini ya banda la farasi, nyuma ya nyumba. Kila alasiri fundi alikuja kuchochea moto, na ilipofika saa tano usiku taa zilizimwa, mtu awe anasoma au amelala. Majirani walilalamikia moshi na mtikisiko. Morgan aliyavumilia yote hayo. Kisha nyaya za taa ya dawati lake zikapiga shoti, na familia iliporudi kutoka matembezini ilikuta dawati limeungua. Edward Johnson, msaidizi mkubwa wa Edison, alipoitwa alikiri kwamba kosa lilikuwa la ufungaji, wala si la umeme wenyewe. Nyaya zikafungwa upya, na Morgan akabaki na taa zake.

Si wote waliokuwa na moyo huo. Katika jumba la William Vanderbilt, mjini humo humo, waya uligusana na karatasi ya ukutani iliyofumwa kwa nyuzi za metali, nyuzi zikawaka nyekundu. Bibi Vanderbilt aliposikia kwamba kuna boila chini ya nyumba yake alikataa kuishi humo, na mtambo wote ukang'olewa. Uingereza, kwenye kasri la Hatfield la Lord Salisbury, aliyekuja kuwa waziri mkuu, nyaya zilipitishwa juu ya dari la ukumbi mrefu zikiwa wazi. Zilipowaka, wanafamilia walizirushia mito ya viti hadi moto ukazimika, wakaendelea na mazungumzo yao.

Unadhifu ambao leo tunausifu ndani ya boksi la breka la nyumba ya kawaida ulizaliwa katika hofu hiyo ya moto. Waliouandika kwanza kuwa sheria walikuwa watu wa bima. Kampuni ya bima ya moto ikilipa fidia ya jengo lililoungua, inataka kujua moto ulianzia wapi, na katika miaka ya 1880 jibu lilizidi kuwa lile lile: waya uliolegea, kiungo kisichofunikwa, shaba iliyogusa bomba la gesi. Mwaka 1882 kampuni ya Phoenix ya London ilitoa kanuni zake za taa za umeme, na mwaka huo huo chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme cha Uingereza kikatoa za kwake. Kijitabu chembamba cha chama hicho ndicho mzazi wa kanuni za ufungaji umeme zinazotumika Uingereza mpaka leo. Marekani kila upande ulijiandikia, na kufikia 1895 zilikuwapo kanuni tano tofauti. Fundi aliyevuka mpaka wa jimbo moja angeweza kuambiwa kwamba kazi iliyosifiwa jana leo ni kosa. Kanuni moja ya taifa ilitoka mwaka 1897.

Katikati ya habari hiyo yumo kijana mmoja, William Henry Merrill, mkaguzi kutoka Boston. Mwaka 1893 Chicago ilifanya maonyesho makubwa ya dunia yaliyong'arishwa kwa maelfu ya taa, na watu wa bima wakamtuma akague nyaya za banda la umeme. Alichokiona kilimshawishi abaki Chicago. Mwaka uliofuata alianzisha maabara ya kupima vifaa vya umeme, ambayo baadaye ikaitwa Underwriters Laboratories. Alama yake ya herufi U na L ndani ya duara bado imegongwa kwenye breka na soketi nyingi.

Kanuni ziliandikwa mezani, ila mikono ndiyo iliyozifanyia kazi. Anayetaka kuona ustadi wa mafundi wa zamani apande kwenye dari la nyumba ya Marekani iliyojengwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Atakuta waya mmoja mmoja umenyooshwa umbali wa kutosha na mwenzake, umeshikwa na vifundo vya kauri nyeupe, na kila unapopenya boriti umevishwa mrija wa kauri. Penye kiungo, fundi alimenya gamba bila kuikwaruza shaba, akasokota ncha mbili, moja ikijizungusha juu ya nyingine kwa mizunguko iliyobanana, akazitia risasi iliyoyeyushwa, kisha akafunika kwa utepe wa mpira na juu yake utepe wa kitambaa. Msokoto huo ulitoka kwa mafundi wa telegrafu, na mpaka leo unaitwa kwa jina la kampuni ya telegrafu ya Western Union. Viungo vingi vya aina hiyo vimeishi kuliko waliovifunga. Kilichokuja kuvihatarisha mara nyingi ni watu wa baadaye waliounganisha nyaya mpya ovyo, au waliomwaga sufi ya kuzuia baridi juu ya nyaya zilizotegemea hewa ili zipoe.

Mpangilio wa nyaya ndani ya boksi, ule unaopindisha kila waya kwa pembe moja na kuzifanya zishuke sambamba, nao una ndugu yake wa karibu katika mitambo ya simu. Humo mamia ya nyaya nyembamba zilipaswa kufika kila moja mahali pake, na mafundi walizifunga mafungu kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, fundo baada ya fundo. Viwanda vya ndege vilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1956 Maurus Logan wa kampuni ya Thomas & Betts alitembelea kiwanda cha Boeing, akaona jinsi wafanyakazi walivyoumiza vidole kwa kukaza mafundo hayo. Miaka miwili baadaye kampuni yake ikatoa kifungio cha nailoni chenye jino la kujikaza. Leo kipo mfukoni mwa kila fundi.

Kifungio hicho kimeleta pia urembo wa bure. Nyaya nyingi zinazobeba umeme zikibanwa pamoja kwa urefu mkubwa hushindwa kutoa joto. Kanuni za Marekani hutaka uwezo wa nyaya uhesabiwe kuwa mdogo zaidi pale zaidi ya tatu zinapofungwa fungu moja kwa urefu unaopita milimita 600. Boksi linalopendeza pichani, kila waya umebanwa na mwenzake kutoka juu hadi chini, laweza basi kuwa boksi lenye joto. Fundi mzuri huacha nyaya zipumue, huacha urefu kidogo wa ziada ili breka ikibadilishwa waya usipungue, na hamenyi gamba zaidi ya kina cha tundu la skrubu. Skrubu yenyewe ina habari yake. Ikilegea, umeme hupita kwa taabu pale shaba inapogusa, pakapata joto, joto likalegeza zaidi. Ikikazwa kupita kiasi, waya hupondeka. Tangu 2017 kanuni za Marekani zimedai kwamba mtengenezaji akitaja nguvu ya kukaza, fundi atumie kifaa kinachoipima. Miaka mingi mkono wenyewe ndio uliokuwa kipimo, na hata mikono mizuri ilikosea.

Kabla ya breka ilikuwepo fyuzi. Katika nyumba nyingi za zamani za Nairobi, Mombasa, Kampala au Dar es Salaam lingalipo boksi la kauri au plastiki la mtindo wa Kiingereza, lenye vishikizo vya kuchomoa vilivyotiwa doa la rangi: nyeupe kwa ampea 5 za taa, buluu 15, njano 20, nyekundu 30 za jiko au soketi. Ndani ya kishikizo kuna uzi mwembamba wa shaba unaoyeyuka mzigo ukizidi. Wengi wanajua kilichotokea uzi ulipokatika usiku na duka limefungwa: paliwekwa waya wowote uliopatikana, mnene mara tatu. Taa ziliwaka, na kuanzia hapo kitu cha kwanza kuyeyuka kilikuwa waya wa ukutani. Dawa ya tabia hiyo ilitoka Mannheim, Ujerumani, ambako Hugo Stotz anatajwa kuwa mvumbuzi wa breka ndogo iliyopewa hataza mwaka 1924. Fyuzi ikaondoka, mwenye nyumba akawa na kitu cha kubonyeza badala ya kitu cha kuviringisha waya.

Umeme wa kuuzia wananchi ulifika pwani yetu mapema. Mwaka 1908 Wajerumani waliuanzisha Dar es Salaam, na mwaka huo huo Mombasa nayo ikapata kampuni yake. Nairobi na Mombasa ziliungana chini ya kampuni moja ya Afrika Mashariki mwaka 1922, na umeme wa Tanganyika ukakabidhiwa kampuni za TANESCO na DARESCO mwaka 1931. Pamoja na utawala wa Waingereza zilikuja kanuni zao, na plagi ya pini tatu za bapa yenye fyuzi tumboni, iliyowekewa kiwango Uingereza mwaka 1947. Leo leseni za mafundi zinatolewa na mamlaka za nishati, EPRA nchini Kenya na EWURA nchini Tanzania, kwa madaraja yanayoonyesha nani aruhusiwe kugusa nini.

Zilikuja pia rangi, na hapa ndipo unadhifu unapohitajika zaidi kwa fundi wa leo wa Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, ethi kijani. Kwenye nyumba yenye fezi tatu, fezi zilikuwa nyekundu, njano na buluu. Uingereza ilianza kuruhusu rangi za Ulaya mwaka 2004, na tangu Aprili 2006 ndizo pekee zinazotakiwa kwa kazi mpya: moto kahawia, nyutro buluu, na fezi tatu kahawia, nyeusi na kijivu. Huku kwetu nyaya za mifumo yote miwili ya rangi zimo katika nyumba moja, sebule ya zamani na chumba kilichoongezwa. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa yaweza kuwa fezi, na buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Hata nyaya zinyooke namna gani, mtu hawezi kuzisoma kwa macho tu. Fundi makini huanza kwa testa, akavika ncha ya kila waya wa zamani utepe wa rangi mpya, akabandika mlangoni mwa boksi onyo kwamba ndani mna mifumo miwili ya rangi, na kando ya kila breka akaandika, kwa kalamu isiyofutika, inalisha nini: jiko, pampu, taa za nje, chumba cha watoto.