Hesabu ya Ng'ombe na Hesabu ya Majira: Ngitili na Sera za Malisho Usukumani, 1947–1986

Swali la idadi ya ng'ombe wanaoweza kulishwa katika eneo fulani limetawala mijadala ya ufugaji Usukumani tangu enzi ya ukoloni. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba serikali ilihesabu ng'ombe kwa eneo, ilhali wafugaji walihesabu pia miezi. Tofauti hiyo inasaidia kueleza kwa nini sera ya kupunguza mifugo ilishindwa na kwa nini ngitili zilirejea.

Shinyanga hupata mvua ya takribani milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Novemba na Mei. Malisho yanayotosheleza kundi mwezi Machi huenda yasitoshe kundi hilohilo mwezi Septemba. Kwa hiyo, kipimo cha ekari kwa ng'ombe mmoja hakijakamilika mpaka mwezi utajwe. Wasukuma walilikabili tatizo hilo kwa ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila kuguswa. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, malisho mengine yanapokwisha, na aghalabu hulishwa sehemu baada ya sehemu. Ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia hupewa kipaumbele, kwa kuwa maksai aliyekonda hawezi kuvuta jembe mvua zinaporudi.

Utawala wa Kiingereza ulifuata njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na makundi yakaongezeka katika maeneo yaliyofunguliwa. Mwaka 1947 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ambao wataalamu wake walitafuta uwiano maalumu wa watu, mashamba na mifugo. Mbuzi au kondoo 5 walihesabiwa sawa na ng'ombe 1, na wafugaji wakashurutishwa kupunguza makundi yao kila mwaka. Kwa ofisa, ng'ombe aliyezidi uwiano alikuwa mzigo kwa ardhi. Kwa mwenye mji, alikuwa mahari, akiba na kinga dhidi ya njaa. Chuki dhidi ya amri hizo iliipa TANU wafuasi wengi, ingawa matawi yake Usukumani yalipigwa marufuku kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Baada ya machafuko ya Geita ya mwaka 1958, utekelezaji wa kulazimisha ulikoma.

Uhuru haukuziokoa ngitili moja kwa moja. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ilizihamisha kaya mbali na maeneo yao ya asili. Ngitili isiyo na jirani wa kuilinda ikawa malisho ya yeyote.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mradi ulianza kwa kusisitiza vitalu na upandaji wa miti, kisha ukatambua kwamba ardhi iliyofungwa hujirudishia miti na nyasi yenyewe. Kutoka hekta 600 hivi zilizorekodiwa mwaka huo, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 mwanzoni mwa karne ya 21. Ulinzi wake ulitegemea serikali za vijiji pamoja na dagashida na sungusungu, vyombo ambavyo wanavijiji waliviheshimu.

Hata hivyo, ngitili isitukuzwe kupita kiasi. Ipo ya kijiji na ipo ya kaya. Mwenye ardhi kubwa hufunga eneo kubwa, na asiye nayo hulazimika kukodi malisho au kuhama na ng'ombe wake. Kufunga malisho kwa majira hakuondoi swali la idadi, wala swali la nani anamiliki nyasi za Septemba. Lakini historia hii inaonyesha kwamba sera inayoanza kwa kuhesabu vichwa vya ng'ombe, kabla ya kuuliza nyasi hupatikana lini na kwa idhini ya nani, huanza na jibu la swali ambalo mfugaji hakuuliza.