Msumari, Redio na Simu: Tarikhi ya Ubishi wa Vyombo Katika Bonde la Mang'ola

Mtu ateremkaye kutoka Karatu kwa njia ya kusini-magharibi, akiiacha nyuma yake baridi ya Oldeani na mashamba yake ya kahawa, hukutwa kwanza na joto, kisha na vumbi, kisha na harufu ya vitunguu. Na kabla macho hayajaufikia weupe wa magadi ya Ziwa Eyasi, masikio yamekwisha kupokea kelele za gulio, kwa kuwa Mang'ola ni mahali pa watu wenye kusema. Chemchemi za Qangdend, ambazo maji yake husafiri chini kwa chini kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, ndizo zilizoligeuza bonde kavu kuwa bustani, na bustani ikawaita watu wa kila nasaba, hata chini ya kivuli kimoja cha mti aweza kuketi Mhadzabe, ambaye lugha yake ya vidoko haina ndugu ajulikanaye duniani, pamoja na Mwiraqw wa jamii ya Kikushi, Mdatoga wa jamii ya Kinailoti, na Mnyiramba au Mwisanzu wa jamii ya Kibantu. Watu hao wanne wakitaka kuuziana kitu hawana budi kukodi lugha ya tano, nayo ni Kiswahili. Na lugha ikodiwayo kwa biashara haikawii kutumika kwa ubishi.

Mada za ubishi huo ni nyingi, lakini aghalabu hurudi kwenye vyombo: kisu kipi hukaa na makali, redio ipi hushika mbali, pampu ipi, ya Kijapani au ya Kichina, huvuta maji ya mfereji bila kunung'unika, simu ipi hukaa na chaji, na kwa vijana waliorudi kutoka shule, kompyuta ipi na mfumo endeshi upi. Wako wanaodhani kwamba mabishano ya namna hii yalizaliwa juzi pamoja na simu za mkononi. Mimi nadhani ni ya kale kuliko gulio lenyewe, na kwamba katika bonde hili kadhi wao amekuwa swali moja tu, ambalo kila chombo kigeni kimesimamishwa mbele yake: kikiharibika, nani atakifufua?

Shahidi wa kwanza ni jiwe. Karibu na ziwa liko pango la mwamba liitwalo Mumba, ambalo Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walilichimba katika mwaka 1938, na ambalo tabaka zake za chini zimehesabiwa umri wa zaidi ya miaka laki moja. Katika vumbi la pango lile vimeokotwa vyombo vingi vya mawe ya kienyeji, na miongoni mwao vipande vichache vya jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo. Na wataalamu walipoyapima madini yake waliijua asili yake kuwa ni upande wa Naivasha, katika Kenya ya leo, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Jiwe halina miguu. Lilipita mkono hata mkono mpaka likafika Eyasi, mahali ambapo mawe ya kuchongea hayakuwa haba. Na yule aliyelipokea na kulithamini alikuwa na rai kwamba cha mbali chaweza kukishinda cha nyumbani, wala sioni namna angalivyokosa jirani wa kumpinga, mwenye kumwambia kwamba jiwe jeupe la hapa likivunjika, lingine liko pale mlangoni.

Shahidi wa pili angali hai, naye ni mhunzi wa Kidatoga. Wahunzi hawa ni wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao huoana wao kwa wao kwa sababu koo nyingine, kama ilivyo desturi ya mataifa mengi ya wafugaji, huitumia kazi ya mhunzi na kuukwepa ukwe wake. Karakana yake ni kivuli na kishimo cha makaa. Msaidizi huketi nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu ukipanda na ule ukishuka, pumzi isikatike. Na ndani ya chungu kidogo huwekwa kufuli lililovunjika, au bilula iliyochoka kuvuja, mpaka shaba iyeyuke ing'ae kama kiini cha yai, imiminwe katika mfereji mwembamba wa chuma, ipoe kuwa ufito, na ufito ule ushikwe kwa koleo na kufuliwa juu ya fuawe hata uwe bangili. Msumari nao huingia motoni ukatoka chembe cha mshale. Mhunzi hana haja ya kujua kufuli lile lilifanywa Uingereza au China, wala liliuzwa kwa bei gani lilipokuwa jipya. Ajualo na alitakalo ni kama kitu kile, kikiisha kufa katika kazi yake ya kwanza, kitakubali kuzaliwa mara ya pili.

Mteja wake wa tangu zamani ni Mhadzabe, aletaye asali na kuchukua chuma. Ndege na wanyama wadogo hupigwa kwa mshale ambao ncha yake ni mti uliochongwa tu. Chuma hutunzwa kwa mshale wa sumu, ulio wa mnyama mkubwa. Wawindaji wengine hawangoji moto wa mhunzi, bali huugonga msumari ukiwa baridi mpaka ulale bapa, kisha huunoa. Kwa hiyo katika kitu kidogo kama msumari yalikwisha kupatikana madhehebu mawili, la moto na la baridi, kila moja na hujja zake, kabla hakijaja chombo chochote chenye waya.

Chenye waya kilipokuja kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa vijijini walikusanyika kwa vikundi kuisikiliza redio na kujadiliana yale waliyosikia, jambo lililokipa kile kisanduku heshima ya mwalimu. Lakini kwa watu wa mbali na nyaya za umeme mjadala ulikuwa juu ya kitu kingine, yaani betri. Betri zilizochoka zilianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi, zikapinduliwa kama samaki adhuhuri, na jioni zikarudishwa mahali pake ili zitoe walau taarifa ya habari. Wengine walizitoboa kwa msumari na kuzitia maji ya chumvi, na wengine wakaapa kwamba tendo hilo ni kuiua redio kwa kutu. Redio iliyosifiwa ilikuwa ile iliyovumilia kulishwa betri nusu-maiti. Ukiyatazama vema maneno hayo utaona kwamba ni yale yale ya mhunzi, kasoro moto.

Wakati wanakijiji wakibishana juu ya betri, Serikali nayo ilikuwa na ubishi wake. Kompyuta ya kwanza nchini iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi, mashine zile zilionekana kumeza fedha za kigeni na kumfanya mwenye nyumba amtegemee mgeni katika kila hitilafu, hata katika mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na wa televisheni ukapigwa marufuku. Katika mwaka uo huo Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi, ilhali Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Wengi wameicheka amri ile, na haikosi la kuchekwa, kwa maana mafunzo hayapatikani kwa kukifungia mlango kile kitakiwacho kujifunzwa, na amri yenyewe baadaye ililegea kidogo kidogo. Hata hivyo insafu yataka tukiri kwamba swali lililoizaa lilikuwa swali la karakana: fundi wake yuko wapi? Kosa lilikuwa katika jibu.

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam katika mwaka 1994, zikiwa mali ya matajiri. Vodacom iliingia mwaka 2000, na ushindani ukaisukuma minara kwenda mashambani. Kwa mkulima wa kitunguu jambo hili lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana mjini. Kitunguu hakijui kungoja: kikishang'olewa kina siku zake, na dalali ajaye na lori hulijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana hutaka pia lumbesa, lile gunia lililovikwa kilemba cha wavu juu ya ujazo wake, ambalo sheria ya vipimo imelikataza. Zamani bei ya Arusha au ya Nairobi ilikuwa ni ile aitamkayo dalali. Mwenye simu aliweza kumuuliza mtu wa pili. Na M-Pesa ilipoletwa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, fedha nazo zikapata njia ya kushuka bondeni pasipo kupanda lori.

Basi simu ipi? Hapa ndipo ubishi uliponoga. Nokia ilitoa katika mwaka 2003 ile simu ya namba 1100, yenye tochi kichwani na vibonyezo vilivyofunikwa kwa utando mmoja ili vumbi lisipenye. Zikauzwa duniani zaidi ya milioni 250. Chombo kile kilikuwa kama kimeumbwa kwa ajili ya Mang'ola: betri yake yachomoka kwa ukucha, na chaji yake hukaa siku kadhaa, ambalo ni jambo la maana kwa mtu alipaye kuchajiwa simu dukani. Vijana wakaja na simu janja, wakakiita kitochi kiswaswadu kwa dharau; wazee wakazijibu simu janja kwa neno la kimeo kila zilipozima kabla ya magharibi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozizima nchini simu zenye namba bandia za utambulisho, neno “feki” likaacha kuwa tusi la gulioni likawa hukumu, na wengi wakajifunza kwa mara ya kwanza kwamba chombo chaweza kufa mkononi kikiwa kizima, kwa amri iliyotoka mbali.

Somo hilo wenye kompyuta walikuwa wamelipata tayari. Katika nchi yetu kompyuta nyingi zifikazo shuleni na ofisini ni za mtumba, na juu ya mashine hizo wasomi hubishana: huyu ni wa Windows, kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa na ndiyo kila mtu anayo; yule ni wa Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kuwa ni bure na matini yake yako wazi kwa kila fundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha mwaka 2004 maana ya uwazi huo, pale wataalamu wake kwa ushirikiano na Waswidi walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili, pasipo kungoja hisani ya kampuni yoyote; na haikupita muda mrefu Microsoft nayo ikaivika Windows maneno ya Kiswahili. Hata majina yenyewe yaligombewa, Wakenya wakishika tarakilishi na Watanzania wakibaki na kompyuta, huku wanaistilahi wakiyaita maungo ya mashine maunzi, neno lenye nasaba na kuunda. Kisha ikaja tarehe 8 Aprili 2014, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, na tarehe 14 Oktoba 2025, zamu ya Windows 10. Na Windows 11 yataka kijisehemu cha ulinzi ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Kompyuta isiyo na ugonjwa ikaambiwa imezeeka. Yule wa Linux hutabasamu siku kama hiyo, maana yeye huifufua mashine ile ile kwa mfumo mwepesi. Lakini hutabasamu peke yake, kwa kuwa kijijini aliye na ujuzi wake ni mmoja, na akihama, mashine hurudi kuwa yatima.

Naam, swali la mhunzi lina mipaka yake. Simu iliyozibwa kabisa hustahimili maji na vumbi kuliko iliyofunguka, na kioo chake kimoja kimebeba ramani, benki, redio na kamera, vitu ambavyo hakuna kufuli lililowahi kuvibeba. Mwenye kukataa kila asichoweza kukifua angalikataa pia lile jiwe jeusi la Naivasha. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Bonde hili limeishi kwa vigeni, nacho kitunguu chenyewe ni kigeni.

Lakini tazama meza ya fundi simu, ambayo katika magulio ya nchi hii hufanana popote uendapo: kiti kifupi, bisibisi ndogo kama sindano, chuma cha kulehemu kilichounganishwa na sola, na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vipaza sauti, vibonyezo, matundu ya chaji na mabamba ya simu zilizokufa. Mteja akileta simu isiyosikika, fundi huuinamisha mkebe, hupekua kwa kidole, huchomoa kiungo cha marehemu fulani na kukipandikiza kwa mgonjwa. Wapita njia husimama, na ubishi huanza juu ya ipi ni simu na ipi ni kimeo. Fundi hajibu, yeye huulizwa bei tu, naye kabla ya kuitaja huigeuza simu upande wa nyuma, huipitisha ukucha ukingoni, na kutazama kwanza kama inafunguka.