Ngozi Hutaka Mkono

Ukiitaja Tabora, watu wengi hukumbuka miembe, reli na shule yake. Wenye umri mkubwa huongeza asali. Mimi leo napenda kuzungumza habari ya ngozi, kwa kuwa naamini historia ya ile njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe mpaka Ujiji, haielezeki vema pasipo kuifikiria ngozi na mikono iliyoitunza.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni wakafika Kazeh, makao ya wafanyabiashara Waarabu pale Unyanyembe, mwezi wa Novemba. Vitabu vyawataja sana hao wawili. Lakini njia hiyo ilikuwa ya wapagazi kabla yao na baada yao. Mnyamwezi alikuwa akimaliza mavuno hufunga safari wakati wa kiangazi, huchukua mzigo wa kilo 30 hivi begani, pembe za ndovu akienda pwani, nguo, shanga na waya akirudi, kisha hujitahidi kuwahi shamba lake kabla ya mvua. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Kijana aliyekwisha kuiona bahari hakuhesabiwa tena kuwa mtoto.

Sasa mfikirie mtu huyo miguuni. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na kati yake kuna miiba, visiki vya nyasi zilizoungua na udongo wa Ugogo unaochoma kama jiko. Ulinzi wake ulikuwa kubazi la ngozi ya ng'ombe, wayo mmoja na mikanda miwili mitatu. Likikatika, msafara haukumngoja.

Ngozi ni kitu cha ajabu kidogo. Ngozi mbichi iliyowambwa juani hukauka ikawa ngumu kama ubao. Ikilowa hulegea na kunuka. Ikikauka tena hujikunja isirudi umbo lake. Sababu yake ni kwamba ndani yake mna nyuzi nyembamba sana zilizosokotana, na nyuzi hizo huteleza zikiwa na mafuta. Mafuta yakiisha, husuguana na kukatika. Wazee wetu hawakuhitaji darubini kulijua jambo hilo. Waliisugua ngozi kwa mikono, wakaipaka shahamu, siagi au mafuta ya mbarika, wakaikunjakunja mpaka ikalainika. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, na haiishi siku moja: kila baada ya mvua na kila baada ya kiangazi kirefu, ngozi hutaka kurudiwa.

Ngozi ilikuwa kinga hata vitani. Wangoni waliofika Unyamwezi katikati ya karne ya 19, ambao huko waliitwa Watuta, walikuja na ngao za ngozi ya ng'ombe. Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 na kufariki mwaka 1884, alijifunza mengi katika mbinu zao za vita, lakini nguvu yake kubwa ilikuwa bunduki. Mbele ya risasi ngao haikufaa kitu. Hivyo chombo kilichohifadhiwa kwa uangalifu miaka mingi kilipoteza kazi yake katika umri wa mtu mmoja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kubazi la mpagazi nalo likafuata njia hiyo hiyo.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Tabora ilijaliwa maradhi na dawa pamoja. Msitu wa miombo unaoizunguka ndio unaolisha nyuki, na nyuki hutoa nta. Tangu wakati wa Wajerumani nta ya nchi hii imekuwa ikisafirishwa kwenda Ulaya, na sehemu kubwa imetoka katika mizinga ya magome iliyotundikwa katika misitu hiyo. Huko ng'ambo nta huchanganywa na mafuta ikawa dawa ya viatu, ya matandiko ya farasi na ya mikoba. Mara ngapi tumenunua kopo dogo kwa bei kubwa, bila kukumbuka kwamba ndani yake huenda mna jasho la mrina asali wa Sikonge?

Nchi za wenzetu wapo vijana wanaoshindana kwa pikipiki, nao huvaa suti nzima ya ngozi, unene wake kwa kawaida milimita 1.2 hadi 1.4, ili wakianguka lami ichune ngozi ya ng'ombe badala ya yao. Kanuni za kuitunza suti hiyo zingeeleweka na mpagazi yeyote. Futa vumbi na wadudu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ondoa chumvi ya jasho kwa sabuni isiyo kali, maana chumvi huinyausha ngozi kutoka ndani. Ianike kivulini penye upepo, kamwe si juani wala karibu na moto. Ikikauka, ipake mafuta kidogo kidogo. Yakizidi huilegeza, na mshono hufumuka pale pale inapohitajika kushika. Kijana wa bodaboda mwenye jaketi la mtumba angefanya vema kuyazingatia hayo, kwani barabara haimhurumii aliyevaa ngozi iliyopasuka.

Msomaji atauliza: kuna historia gani katika kupaka mafuta? Mimi naona ndimo ilimo. Vitu vya chuma hukaa vyenyewe. Mnyororo wa mtumwa waweza kufukiwa miaka mia ukafukuliwa ukiwa mnyororo. Kubazi la mpagazi halikai. Lilivaliwa mpaka likaisha, mabaki yake yakakatwa kuwa kamba, na yaliyosalia yakaliwa na mchwa. Kwa hiyo tumebaki na ushahidi mwingi wa waliofunga watu, na ushahidi mchache wa waliotembea. Tusipoangalia, tutadhani njia ile ilikuwa ya minyororo na wazungu tu, na maelfu ya watu waliokwenda na kurudi kwa hiari yao, kwa ujira na kwa fahari, watatoweka kama ngozi zao.

Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Kama nyumbani kwenu kuna ngoma ya babu, mkoba au mkanda wa zamani, usiutundike ukutani ukasahau. Ushushe, uufute, uupake mafuta, na mtoto awe karibu akiuliza ulikuwa wa nani.