Carlisle 1912: Ushindi Uwanjani, Ukimya Darasani

Katika toleo hili tunapenda kuwaletea wasomaji wetu habari za mchezo ambao wengi wetu hapa Uganda hatujawahi kuucheza: kandanda ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira kwa mikono. Huenda mtu akauliza, mchezo huo na ufundishaji wa lugha vina uhusiano gani? Tunaomba subira kidogo.

Shule ya Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, ilianzishwa mwaka 1879 na Richard Henry Pratt, ofisa wa jeshi, ndani ya kambi ya zamani ya askari. Lengo lake lilikuwa kuwaondoa watoto wa wenyeji asilia wa Marekani katika mila zao. Walikatwa nywele, wakavishwa sare na kukatazwa kusema lugha za kwao. Mmoja wa kundi la kwanza, Mlakota aliyeitwa Ota Kte, alisimulia baadaye jinsi alivyopewa kijiti achague jina ubaoni, naye hajui kusoma hata herufi moja. Alitoka hapo akiitwa Luther.

Timu ya shule hiyo ilikuwa huru, yaani haikuwa mwanachama wa ligi yoyote. Ilijitafutia wapinzani, na mechi zake kubwa nyingi ilizicheza ugenini. Msimu wa 1912, chini ya kocha Glenn Warner, ilicheza mechi 14. Ilishinda 12, ikatoka sare ya 0 kwa 0 na Washington and Jefferson, na kushindwa moja tu, 34 kwa 26, mbele ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Nahodha wake, Jim Thorpe wa kabila la Sac na Fox, alikuwa ametoka Stockholm na medali mbili za dhahabu za Olimpiki.

Tarehe 9 Novemba walikwenda West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, wakashinda 27 kwa 6. Katika timu ya jeshi alikuwamo kijana Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Itakumbukwa kwamba ilikuwa imepita miaka 22 tu tangu jeshi hilo liwaue Walakota, wakiwamo wanawake na watoto, huko Wounded Knee mwaka 1890.

Sasa tufike kwenye somo letu. Vijana wale walitoka makabila yenye lugha tofauti, na Kiingereza ndicho kilichowawezesha kuelewana uwanjani. Kwa hiyo kosa halikuwa kufundisha Kiingereza. Kosa lilikuwa kukifundisha kwa kung'oa lugha nyingine. Shule ilifungwa mwaka 1918, na makaburi zaidi ya 180 yalibaki pale. Ushindi wa timu haukumrudishia mtoto yeyote lugha yake.

Nasi tunafundisha lugha ya kuunganisha watu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulifurahi, na tuna haki ya kufurahi. Hata hivyo, wengi wetu tunakumbuka kibao tulichovishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi mwanafunzi anapotafuta neno la Kiswahili akalikosa, akalitaja kwa Kiluganda, Kiacholi au Kiteso, tusimnyamazishe. Tuanzie hapo hapo kumfundisha.