Bodrum: Mji Uliohifadhiwa na Wapiga Mbizi

Mausolus alitawala Karia kama liwali wa mfalme wa Uajemi, lakini alijiona mfalme kamili. Alihamishia makao yake Halikarnassos, mji wa bandari ambako mwanahistoria Herodotus alizaliwa, akauzungushia kuta na kuujenga upya. Alipofariki mwaka 353 K.K., Artemisia, dada yake ambaye pia alikuwa mkewe, alimjengea kaburi lenye kimo cha mita 45 hivi. Watu wa kale walilihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia.

Mji huo leo ni Bodrum, kusini-magharibi mwa Uturuki. Mimi na rafiki yangu tulifika hapo kupumzika, bila ratiba, na kwa kuwa kaburi halikuwa mbali na bandari, tukalianza hilo. Limebaki shimo, na vipande vya nguzo vilivyolala kwenye majani. Matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyoliangusha. Kisha wakaja askari watawa wa Mtakatifu Yohane, ambao walianza kujenga ngome yao mwanzoni mwa karne ya 15. Mawe ya kaburi wakayatia katika kuta zao, na marumaru wakaichoma kupata chokaa, kama mafundi wa Lamu walivyochoma matumbawe. Sultani Suleiman alipoiteka Rhodes, kisiwa kilichokuwa makao yao makuu, mwaka 1522, watawa hao waliipoteza Bodrum pia. Miaka zaidi ya 300 baadaye, Mwingereza Charles Newton alichimba hapo na kupeleka London sanamu zilizosalia. Ziko huko hadi sasa, na kwa maoni yangu mahali pake ni hapa.

Adhuhuri tulikula samaki wa kuchoma kando ya maji, tukanywa chai ya rangi kwa bilauri ndogo, tukiangalia mashua za mbao zikipakia watalii. Biashara hii ni changa. Kwa miaka mingi wanaume wa Bodrum waliishi kwa kupiga mbizi kutafuta sifongo, kazi iliyowaua wengi na kuwalemaza wengine. Serikali iliuona mji huu kuwa mbali kiasi cha kufaa kwa adhabu: mwaka 1925 mwandishi Cevat Şakir alihamishiwa hapa kwa sababu ya makala aliyoandika. Adhabu yake ilipokwisha, alirudi kwa hiari yake, akaishi na wavuvi na kuandika habari zao kwa jina la Mvuvi wa Halikarnassos. Safari za mashua ambazo watalii wanazilipia leo zilianza na yeye na marafiki zake.

Wapiga mbizi wa sifongo ndio waliowaonyesha wanaakiolojia meli zilizozama pwani nzima hii. Iliyo maarufu kuliko zote iligunduliwa na mmoja wao mwaka 1982 huko Uluburun, karibu na mji wa Kaş. Ilizama katika karne ya 14 K.K. Uchimbaji wake ulianza 1984 ukaisha 1994, kwenye kina cha zaidi ya mita 40, na mzigo wake ukaletwa katika makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya Bodrum: takriban tani 10 za shaba, tani moja ya bati, mabonge ya kioo cha buluu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni.

Na magogo meusi. Wataalamu waliyapima wakakuta ni mpingo, mti uleule ambao Wamakonde wanauchonga. Mpingo huota tangu Sudan hadi Msumbiji, na Wamisri wa kale waliuagiza kutoka nchi zilizo kusini mwao. Yaelekea magogo haya yalipita mikononi mwao. Rafiki yangu, ambaye ukoo wake ni wa wachongaji, alisimama mbele yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini. Nilimwelewa. Miaka 3,300 iliyopita mti wa Afrika ulikuwa bidhaa ya fahari katika Mediterania, na ushahidi wake ulitolewa baharini kwa sababu ya watu ambao hawakuwa na cheo chochote.

Msomaji ukifika Bodrum, usiiachie ngome muda wa saa moja tu jioni baada ya kuogelea. Ipe asubuhi nzima, na uulize yaliko magogo ya Uluburun.